Sare Zilizotangulia Kura

Dada yangu mpenzi,

Huku hatujambo. Mvua imetuachia harufu ya udongo hadi chumbani. Mwanao anarefuka, kila nikigeuka nateremsha pindo la gauni lake.

Ile shule mpya imefunguliwa. Nafasi zilikuwa arobaini na waombaji mia tatu, ndiyo maana mwenyekiti wa mtaa akaamua kura ipigwe hadharani. "Kura haina mjomba," alisema kinyozi, jirani yangu. "Safari hii tutaona haki."

Mwenyekiti alifumba macho, akazamisha mkono kapuni, akasoma majina taratibu kama anayebembeleza mtoto. Watu wakapiga makofi. Mwanao alinishika mkono mpaka jina la mwisho. Halikuwa lake.

Tukarudi kwenye cherehani yangu. Buluu ya sare ilikuwa imejaa chumba kama maji, nikajiona kama naelea. Waliochaguliwa wakaja mmoja mmoja, na kila sare ikamkaa mwenyewe kana kwamba alizaliwa nayo. Sikumpima hata mmoja wao. Vipimo aliniletea mwenyekiti wiki mbili kabla ya kura, kwenye karatasi iliyokunjwa vizuri. Nilishona bila kuuliza. Kazi ni kazi, nilijiambia.

Mwanao alikuwa sakafuni, anaokota vipande vya uzi. Mtoto wa mwisho alipotoka, akaniuliza polepole, "Mama mdogo, hizi sare ulizishona lini?"

Sijamjibu. Nimeanza kwa kukuandikia wewe.

Mdogo wako,
Fundi