Kiti cha Nyuma cha Bwana Stoo

4 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu, na baada ya salamu nipe habari za mgongo wako, maana mara ya mwisho uliondoka hapa umejikunja kama alama ya kuuliza. Na cherehani je, bado inabishana na wateja? Sisi huku wazima. Friji za watu zinaharibika vizuri, kwa hiyo hatulali njaa.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu mdogo wako ameizoea. Nikiongea jikoni, anayejibu ni yeye, kutoka sebuleni. Barua hawezi kuisikia.

Habari yenyewe ni hii: wamemhamisha. Ile hospitali mpya ng'ambo ya vilima imepata stoo kubwa, na stoo kubwa inataka bwana stoo mzoefu. Ni mwendo wa saa nzima kwa pikipiki. Zamu inaisha saa moja jioni, na basi la mwisho linaondoka saa kumi na moja. Kuendesha mwenyewe hawezi, unajua. Lile jicho la kushoto linaiona dunia kama kupitia kioo cha bafuni, na watu wa leseni walishamkatalia. Basi akaniambia, kwa sauti ile anayotumia kutangaza kwamba bandeji zimeisha, kuwa atapanga chumba kule, awe anarudi Jumamosi.

Wifi, mimi sikuolewa na Jumamosi.

Nimemwambia nitampeleka na kumrudisha. Kazi zangu zitafuata njia hiyo hiyo. Kule kuna mabucha na maduka ya vinywaji, na fundi wa friji hakuna. Lakini si kwa kipikipiki hiki. Nakiheshimu, kimenilisha, ila tukikipanda wawili, na begi la vifaa, na ule mwili wa mdogo wako, kinapanda kilima huku kinaomba msamaha. Nataka kubwa. Zile ndefu, za kiti cha chini na usukani mpana, wanaziita kruza. Nimewaona wanaoziendesha: wana sura za watu waliokaa sebuleni kwao.

Wewe umeshona viti vya pikipiki tangu mimi sijajua kushika spana. Nichague vipi?

Wifi yako,
Fundi wa baridi

11 Februari

Fundi wangu wa baridi,

Salamu zimefika pamoja na tusi lake la mgongo; vyote nimevipokea. Mgongo hauna neno, umri ndio umejikunja. Cherehani haijambo, wateja ndio wanaumwa: jana mmoja ameniletea kiti kilichotafunwa na mbwa, akasema kilichakaa chenyewe.

Sasa sikiliza. Usichague kwa macho. Macho hayakai kwenye kiti.

Ukiketi, nyayo zote mbili zilale chini, si vidole tu. Pikipiki nzito ikishaanza kulala upande hairudishwi na vidole. Kisha shuka, uisukume kinyumenyume kwa mikono yako, mahali penye mteremko kidogo, na muuzaji asikuguse. Siku utakayoegesha vibaya nje ya bucha yeye hatakuwepo. Halafu tazama pa kuwekea miguu. Zipo zinazotaka uinyooshe mbele kama unayesubiri kuoshwa. Picha yake nzuri, sikatai, lakini ukikutana na shimo huwezi kujiinua hata kidogo, na mzigo wote unabebwa na uti wa mgongo. Na sponji: kiti kinachokumeza ukikalia ni rafiki wa dukani tu. Baada ya nusu saa kimebonyea, umekalia chuma. Kiti chema kina ugumu kidogo, kama mzazi. Kwa hiyo kaa hapo mpaka muuzaji akuchoke.

La mwisho lingepaswa kuwa la kwanza. Mpeleke huyo mdogo wangu, na akalie nyuma. Nyuma, wifi. Nimemlea, namjua. Shuleni alivaa viatu vilivyombana muhula mzima kwa sababu siku ya kwanza alishawaambia wenzake kwamba vinamtosha. Kitu akishakisifu, hata kimtoe roho hasemi.

Wifi yako,
Mshona viti

3 Machi

Wifi mwenye hekima zake,

Natumaini u mzima kama mimi, na mimi leo ni mzima kupita kiasi. Nimenunua.

Nilifanya ulivyosema, mpaka muuzaji akaniuliza kama nimekuja kununua au kupanga. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, ndefu kama deni, na ina pa kuwekea miguu mbali hivi kwamba nilikuwa nimelala kama kwa daktari wa meno. Nikashuka. Ya pili ilikuwa nzuri mpaka nilipoisukuma kinyumenyume. Ikakaa pale pale, kama mkwe asiyetaka kuondoka. Ya tatu ni ya rangi ya damu ya mzee. Nyayo zangu zinalala chini, miguu inakaa katikati, usukani unanifuata nilipo badala ya mimi kuufuata. Niliirudisha nyuma peke yangu mpaka getini. Muuzaji akaanza kuifuta vumbi.

Mdogo wako nilikwenda naye. Kwa bahati mbaya duka lenyewe linatazamana na kituo cha basi, na pale kituoni walikuwapo wenzake watatu wa hospitali. Nilimwambia akae nyuma. Akasema atakaa, lakini kwanza aijaribu ya mbele, aone kama itanifaa. Akaketi, akashika usukani, akapanua mabega, akawapungia mkono wenzake. Kisha akatangaza, na kituo kizima kikasikia, "Hii si pikipiki, hili ni sofa." Watu wakacheka kwa furaha, muuzaji akaleta karatasi, na mambo yakaenda mbio.

Kiti cha nyuma kipo. Kidogo, lakini kipo.

Kesho asubuhi tunaianza safari. Nina raha mpaka nahisi nimeiba.

Wifi yako,
Fundi wa baridi

8 Machi

Wifi,

Mimi mzima, wewe mzima, tuachane na hayo.

Nimesoma barua yako mara mbili kutafuta mahali mdogo wangu alipokalia nyuma. Sikupaona. Mmenunua pikipiki kwa kumpima mtu ambaye hataiendesha hata siku moja, kwenye kiti ambacho hatakikalia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na nyinyi mmeenda kuuliza kunguni wa kitanda cha jirani.

Nipimie upana wa hicho cha nyuma, uniandikie haraka.

Wifi yako,
Mshona viti

28 Aprili

Wifi yangu,

Nisamehe kwa kimya. Natumaini uko salama. Mimi sijui niseme niko vipi.

Upana sikupima. Nilipopata barua yako nilimwuliza mwenyewe, akasema kiti hakina neno, nikaona wewe umezoea kutafuta kasoro kwa sababu kasoro ndizo zinazokulipa. Na kusema kweli, wifi, mimi nilikuwa peponi. Ile pikipiki inakula barabara bila kutafuna. Nikifika sina mkono uliokufa ganzi, sina kiuno cha kukodi. Wenye mabucha wameshanijua kwa mlio. Ningekudanganya nikisema nilitazama sana nyuma.

Dalili zilikuwepo. Alianza kulala kifudifudi. Alianza kuniomba tusimame njiani atazame mandhari, mtu ambaye miaka yote mandhari aliyoyapenda ni rafu za dawa. Nilimwuliza tena. Akanijibu, "Mke wangu, kiti nilikichagua mwenyewe." Nikaacha.

Juzi juzi amepanga chumba. Amechukua godoro dogo na ndoo, anasema mkuu wa hospitali anataka mtu wa stoo awe karibu. Nilikwenda kumtengenezea friji ya chanjo huyo mkuu, nikamwuliza kwa mzunguko. Hajui habari hiyo.

Jirani yangu wa kulia ameshaanza kunipa pole kwa jicho moja. Anasema mwanaume hapangi chumba kwa ajili ya stoo. Mimi si mtu wa kushikwa na maneno ya ukutani, lakini wiki hii nimekula peke yangu, na pikipiki yote ile iko nje imelala. Wewe ni dada yake. Niambie bila kunipaka mafuta: amenichoka?

Wifi yako

6 Mei

Wifi yangu mpenzi,

Pole, na usile peke yako, kula na redio. Nimefunga duka siku moja, nimepanda basi, nimekwenda kumwona. Yeye hajui kwamba nakuandikia.

Chumba chenyewe hakina mwanamke wala dalili yake. Mwanamke mwenye akili hawezi kuingia mle. Kuna godoro, ndoo na mdogo wangu, amekaa kwenye ukingo wa kreti kwa upande mmoja wa makalio, kama mtu anayejiandaa kukimbia. Nikamwambia asimame, ageuke, atembee mpaka mlangoni. Nimeona viti vingi maishani, na nimeona vilivyowafanya watu. Nikamwuliza kwa nini hakukwambia.

Akaniambia, "Dada, ningesemaje? Nilisema sofa mbele ya watu."

Nikamcheka, nikampa soda, nikangoja, maana nilijua hiyo ni nusu. Nusu ya pili aliitoa akiwa ametazama ndoo. Anasema miaka yote umeendesha kile kidogo umekunja uso, na sasa anakusikia unaimba ndani ya kofia, hujui kama unasikika. Anasema akilalamika tu, wewe utaiuza kesho yake, utarudi kwenye kile cha kuomba msamaha kwa ajili yake. Akaona bora aondoe mzigo, pikipiki ibaki.

Kwa hiyo hajakuchoka. Ni mjinga tu, na ujinga wake una sababu.

Kiti si kazi kubwa. Vifungue vyote viwili, cha mbele na cha nyuma, nitavunja nivishone kuwa kimoja kirefu, nyuma nimpe upana, sponji ngumu, na kiegemeo. Lakini lazima aje akae hapa dukani nimpime, na hatakuja kwa sababu akija amekiri. Nimejaribu, nimeshindwa. Mficha uchi hazai, nikamwambia. Akasema yeye umri wa kuzaa umeshampita.

Mimi nashona viti, wifi. Ndoa sishoni. Hapo ni pako.

Dada wa mjinga,
Mshona viti

16 Mei

Wifi yangu, dada yangu,

U mzima? Mimi mzima kutoka kiunoni kwenda juu.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaenda kukaa nje kwenye hiyo pikipiki, mbele, mahali pangu. Nilitaka kuondoka na moto huo huo nikamwambie yote. Kisha nikaona nikimwambia nitakuwa nimemvua nguo mara ya pili baada yako, na sina hata kituo cha basi cha kulaumu.

Mtaani kwetu yupo mwalimu wa udereva, mwanamama, anaendesha chochote chenye tairi. Nikamwomba anipeleke hospitalini. Yeye mbele, mimi nyuma. Akaniuliza mbona hii ni yako. Nikamwambia leo nataka kuwa mume.

Wifi, kilomita za mwanzo nilijiambia ni mambo ya kuzoea. Baada ya kituo cha mafuta nikawa najua kila nati ya ile pikipiki kwa jina lake. Kiti kinateremka mbele, kwa hiyo unamsukuma dereva bila kutaka. Ukijirudisha, hakuna kitu nyuma ila upepo. Na mwalimu hana dini kwenye matuta. Nilimwomba tusimame nitazame mandhari. Akasema tutachelewa. Nilipofikiria kwamba mtu amekikalia hiki asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki, huku mimi naimba, nililia kidogo, na kulia nako kunataka kukaa vizuri.

Nilishuka getini nikatembea mpaka stoo kwa hatua ambazo sikuwahi kuwa nazo. Alikuwa dirishani anahesabu glavu. Akaniona ninavyokuja. Hakuniuliza nimekuja kufanya nini; alitazama mwendo, akatazama nje akamwona mwalimu kakaa mbele, akaelewa.

Akasema, taratibu, "Ni baada ya kituo cha mafuta, eh?"

Nikamwambia ndiyo, baada ya kituo cha mafuta.

Akafungua mlango wa stoo, akanivutia kiti. Nikakitazama. Na yeye akakitazama. Tukacheka, wifi, mpaka muuguzi akaja kuuliza kama kuna mgonjwa. Kisha tukabaki tumesimama wote wawili kwenye kaunta, tukala chakula chake cha mchana katika bakuli moja, na pale ndipo alipoyasema yote, bila kuulizwa. Na mimi nikamwambia kwamba pikipiki siuzi. Nilimwambia hivyo kwa ukali kidogo, akapumua.

Chumba amekirudisha kwa mwenyewe. Viti vyote viwili nimevifungua, viko kwenye gunia. Jumamosi tunakuletea, na yeye anakuja kupimwa, amekubali mwenyewe, hata amenyoa. Tutakuja kwa basi la asubuhi. Ukituona tumesimama njia nzima na nafasi zipo, usicheke mbele ya abiria.

Wifi yako,
Fundi wa baridi