Vifuniko vya Kijani, Silanga

Jumamosi, 8 Machi 2025
Bustani ya pamoja ya magorofa mapya itakaa Silanga, hapa Kibera, juu ya shamba la sukuma wiki la mama mmoja, Nelima. Kasema Muia, msanifu wa mradi, baada ya kikao cha leo cha wakazi. Karibu wote wamechagua hapo, anasema. Ana furaha ya kweli.

Ramani kubwa mezani. Kila mkazi kapewa kifuniko kimoja cha soda, kimepakwa rangi ya kijani. Weka unapotaka bustani, magorofa yataizunguka.

Hakuna aliyeweka karibu na kwake. Kibera alama juu ya nyumba ina maana moja — X nyekundu, halafu tingatinga. Kaltuma, landilodi wa mtaa wa Kambi Muru, alikaa na chake kiganjani, kisha akakisukuma hadi ukingo wa ramani, kando ya Dam, bwawa la Silanga, penye shamba la Nelima.

Mukhwana, fundi viatu, mpangaji wake, akamuuliza: Mama Sabah, mbona unatupeleka mbali hivyo?
— Basi weka kwako tukuone.
Mukhwana akaweka chake kando ya cha Kaltuma. Kicheko. Baada ya hapo vikarundikana.

Nelima naye aliweka chake palepale. Nikampiga picha ya gazeti. Anatabasamu.

Jumatano, 12 Machi
Nimemkuta Nelima shambani. Hakuwa ameambiwa kuwa bustani itakaa hapo.

Niliweka ndio waone hapa kuna mboga, wasijenge, alisema.

Hawatajenga, nikamwambia. Watapanda nyasi.

— Nyasi? Nani anakula nyasi?

Hana karatasi ya ardhi. Amelima hapo tangu mumewe afe. Binti yake, Bridgit, anasoma kwa pesa za sukuma hiyo. Aliendelea kupalilia nikiwa nimesimama.

Ijumaa, 14 Machi
Muia, ofisini kwake. Nikamuuliza, bustani inaweza kusogezwa?

— Inaweza. Niambie tu tuisogeze juu ya nyumba ya nani.

Si mtu mbaya. Angekuwa mbaya, ningekuwa na habari.

Nikapita kwa Kaltuma. Angesema neno, wapangaji wangemfuata.

— Niseme waje kwangu? Nimezaliwa kwa hii nyumba. Huyo mama namhurumia, walahi. Lakini nikimhurumia sana nitalala wapi?

Akanipa chai. Nikanywa.

Jumapili, 16 Machi
Nyumbani, Kawangware. Mradi huohuo unakuja kwetu mwezi ujao, na vifuniko vyake. Jirani yangu Amolo kashasikia.

Sisi tutaweka wapi, ameniuliza. Huku hakuna shamba.

Tukaanza kutaja majirani, mmoja mmoja, kwa utani. Kina nani wamepanga chumba kimoja tu. Kina nani hawaji mikutanoni. Tulipofika kwa mjane wa ploti ya nyuma utani ukaisha, Amolo akarudi kwake.

Jumatatu, 17 Machi
Muia ameomba ile picha ya Nelima. Itawekwa kwenye bango la mradi: mkazi akichagua bustani yake. Mhariri wangu ameshampa. Na shamba, kasema Muia, linazungushiwa uzio.

Nikaenda Silanga kumwambia kabla hajaliona mwenyewe. Alikuwa anahamisha miche, mstari mpya, udongo bado umelowa.

Nikamwambia vyote viwili, uzio na bango.

Alimaliza mche aliokuwa ameushika. Kisha: Kwenye hiyo picha nilitoka poa?

Nikasema ndiyo.

— Basi nitumie.

Nimemtumia. Miche bado ilikuwa nusu ndoo nilipoondoka, na alikuwa anaendelea.

Uzio wa mabati ni kesho Jumanne, saa mbili asubuhi. Bango litatangulia.