Tutazima Mwadingusha

Kazi mbili ya juma, 29 Agosti 1961

Nimefua jezi za timu ya kiwanda tena. Udongo wa uwanja hautoki hata kwa maji ya moto. Namba tisa nimeifua peke yake, siku zote naifua peke yake. Ni ya Mwadingusha. Bwana wangu Pascal akinikuta nayo mkononi anakohoa kwa makusudi.

Nyumba yetu ina timu mbili. Mimi ni wa kiwanda. Bwana wangu ni wa chokaa, maana anavunja mawe ya chokaa machimboni Kakontwe tangu kabla hatujaoana. Hatugombani kwa chakula wala kwa watoto. Tunagombana kwa mpira.

Kwetu wanaopendwa ni watatu. Kufuli, kipa. Sindano, anayepita pale ambapo hakuna njia. Na juu yao wote Mwadingusha. Tulimpa jina la lile bwawa la umeme kwa sababu mguu wake wa kushoto una umeme kweli, golikipa akiugusa mpira wake anatikisa mikono. Akipata mpira, sisi wanawake tunaimba: Washa! Washa! Watu wa chokaa wanajibu: Zima! Siku ya Mungu, baada ya misa, tunakutana nao. Pascal amekwisha kuanza maneno, eti safari hii tutarudi nyumbani gizani. Nimemwambia ale bukari yake anyamaze.

Kazi tatu, 30 Agosti

Mazoezi hayakuwepo. Watu wa Kasai wanaondoka mjini. Mikeka, vyungu, watoto mgongoni. Askari wanawatafuta kwa majina yao, jina la kwao peke yake linatosha. Jirani wetu wa nyuma amefunga mlango na kuacha kuku wake nje.

Mwadingusha ni mtu wa Kasai. Kila mtu alijua, na halikuwa neno mpaka mwaka huu. Leo hakuonekana uwanjani. Moyo wangu mzito. Pascal amekwenda kunywa kwa Mama Odila, yule anayetuongoza kuimba uwanjani. Amerudi anapiga kelele za mpira njia nzima. Mwanamume mzima.

Kazi ine, 31 Agosti

Wamemchukua Pascal.

Asubuhi, anafunga viatu vya kazi. Askari waliingia bila hodi. Régine, binti yetu mkubwa, alilia, mdogo hakuelewa. Nilivaa kitambaa kichwani nikawafuata mpaka posti yao na kukaa juani mpaka komanda akaniita.

Kosa lake hili hapa. Jana kwa Mama Odila alisimama na kopo mkononi akasema: Siku ya Mungu tunazima Mwadingusha, mji mzima utabaki giza. Kulikuwa na mtu amekaa peke yake, mgeni, ameletwa huku na vita, hajui mpira wetu. Alikimbia kwenda kuwaambia askari kwamba fundi wa mawe wa Kakontwe, mtu anayeshika baruti kila siku, anataka kuvunja bwawa.

Nilimwambia komanda, Mwadingusha ni mtu. Anacheza namba tisa. Komanda naye si wa hapa. Aliniangalia kama ninamfanya mjinga, bwawa gani linacheza mpira. "Basi mulete hapa ile barrage yenye kuvala viatu." Asipoletwa, kazi moja ya juma lijalo Pascal anapelekwa Elisabethville. Waliopelekwa huko kwa neno la kuharibu mitambo, sijaona hata mmoja amerudi.

Nimeelewa njiani, karibu na kanisa. Nilikaa chini. Ili bwana wangu atoke, lazima nimpeleke mtu wa Kasai kwa mkono wangu mpaka mlangoni kwa askari.

Kazi tano, 1 Septemba

Nilikwenda mlango wa kiwanda. Mlinzi akauliza namtafuta nani. Mwadingusha. Akauliza jina lake lenye kuwa kwa karte ya kazi.

Sijui.

Miaka yote hii nafua shati la mtu huyu. Sijui jina lake la ubatizo. Sijui la baba yake. Sijui analala wapi. Nilizunguka kwa wanawake wote tunaoimba pamoja, hakuna anayejua. Mama Odila aliniambia, ye anajua paka Mwadingusha, hilo jina tu. Tunajua mguu wake wa kushoto, basi. Niliona haya kuliko nilivyowahi kuona.

Kufuli ndiye aliyeniambia mwishowe, baada ya kunichosha na maswali. Mwadingusha amejificha na mkewe kwa katekista mmoja mzee, nyuma ya misioni. Kisha akaniomba nisiende. Alisema, mama, waache.

Siku ya posho, 2 Septemba

Niliomba awe ameondoka, nisilazimike kumwuliza. Halafu niliomba awepo. Maombi yote mawili asubuhi moja.

Alikuwepo. Alikuwa anamenya papai kwa ajili ya bibi yake, ambaye ana mimba kubwa. Ndani ya nyumba ni mtu mfupi. Uwanjani sikuwahi kuona hivyo. Maneno niliyotayarisha yote yalipotea, nikasema tu jambo lilivyo: bar, mgeni, komanda, kazi moja.

Bibi yake ndiye aliyejibu. "Bwana yako alisema. Yangu hakusema kitu."

Kweli tupu. Mwadingusha aliniomba nirudie vile Pascal alivyosema, neno kwa neno. Nikarudia, mpaka mji kubaki giza. Akacheka kidogo, akitazama papai. "Kumbe batu ba chokaa banaogopa minye vile." Kisha akauliza kama jezi yake iko kwangu. Nikasema iko, imekauka. Akasema niilete, bila hiyo hawatamwamini.

Bibi yake aliinuka akaingia ndani. Tulimsikia analia.

Ningeweza kusema, hapana, kaa. Nilikuwa na mdomo. Nilimwona Pascal akipakiwa kwenye lori, nikamwona Régine, nikakaa kimya. Nilikwenda nyumbani, nikawasha pasi ya makaa. Mungu anisamehe, niliipiga pasi vizuri.

Siku ya Mungu, 3 Septemba

Alikuja baada ya misa. Alipita katikati ya barabara, namba tisa mgongoni, mikono haina kitu. Watu walitoka milangoni. Mwanamke mmoja alianza, Washa, kwa mazoea tu, akajikatiza. Mimi nilimfuata nyuma.

Komanda aliuliza, huyu nani. Akajibu: "Njo minye Mwadingusha." Askari kijana aliyekuwa mlangoni alitabasamu kabla hajakumbuka yuko wapi. Komanda alimwuliza kama anamjua. Akasema ndiyo, ni yeye, wote mtaani, site nzima, wanamjua, ule mguu wa kushoto. Akaanza hata kueleza goli moja la mwaka jana, kwa mikono, kisha akaona uso wa mkubwa wake akaishusha.

Komanda hakufurahi. Nadhani aliona mji mzima unamcheka. Alipiga kelele wakamtoa Pascal. Jicho moja limefunga, viatu hana. Anaishi.

Tungeondoka hapo. Lakini komanda aliuliza tena, polepole, jina lenyewe, la kwenu.

"Ntumba Boniface." Akataja na kijiji chao cha Kasai, bila kushusha sauti.

Nilisimama pale nikalisikia kwa mara ya kwanza, pamoja nao. Komanda alilirudia, Ntumba, kama anaonja chakula. Akamwonyesha benchi akae. Sisi akatuambia twende. Pascal alitaka kurudi ndani, nikamvuta kwa shati. Nilimvuta kwa nguvu zangu zote, na nilikuwa na furaha kwamba mkono wangu umeshika mtu.

Mpira haukuchezwa.

Kazi moja, 4 Septemba

Pascal hakwenda kazini. Mgongo umevimba. Nimemkanda kwa maji ya chumvi. Nina hasira naye na nina furaha yuko kitandani, vyote pamoja, na sina fasi ya kuviweka.

Kazi tatu, 6 Septemba

Ameniuliza swali moja tu. Kama jamaa alikuja mwenyewe au nilimwendea. Nimemwambia nilimwendea. Akageukia ukutani.

Kazi ine, 7 Septemba

Nilipika bukari na sombe, nikapita kumchukua bibi yake Mwadingusha, tukaenda posti. Alikubali kutembea nami. Hakukubali nimbebee kitu.

Walisema hayupo. Amepelekwa Elisabethville, kambini waliko watu wa Kasai. Kwa gari gani? Hawajui. Siku gani? Hawajui. Yule askari kijana hakuwa mlangoni. Walisema tuondoke na chungu chetu.

Kesho bibi yake anapanda lori na katekista, amtafute huko. Nilimpa nguo za mdogo, zile za kuzaliwa, zote. Alizipokea. Hakunishukuru, na sikutaka anishukuru. Mama Odila anasema kuna mtu amemwona kambini anacheza mpira na watoto. Wengine wanasema neno jingine, siliandiki humu.

Siku ya posho, 9 Septemba

Vijana wa kiwanda wamekuja kuuliza jezi. Nimewapa. Namba tisa haimo, aliondoka nayo mwilini. Sindano alihesabu, akarudia kuhesabu, akafunga furushi.

Siku ya Mungu, 10 Septemba

Leo Pascal aliamka kabla yangu, akavaa suruali ya misa. Bado anatembea kwa kuinama. Tulipofika hakuingia nami, alizunguka nyuma kwa padri. Pascal, ambaye tangu ndoa yetu hajasema na padri ila akisalimiwa kwanza.

Padri aliwaombea wagonjwa, marehemu, walio safarini. Kisha akasoma: Na Boniface Ntumba, Bwana amlinde popote alipo.

Kanisa lilijaa. Wa kiwanda upande huu, wa chokaa upande ule, wanawake wote wa wimbo nyuma yangu. Nilitazama. Hakuna aliyegeuza kichwa kwa jina hilo. Pascal alikuwa amepiga magoti, uso ndani ya mikono.

Mama Odila aliinama sikioni kwangu akauliza, huyo ni nani, ndugu yenu? Nilimwambia ndiyo.