Kimeta Kilipohamia Sufuriani

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu wewe na watoto. Natumaini wameanza kula. Mimi mwili mzima, roho ndiyo mgonjwa.

Msibani uliniuliza mumeo alikosa nini, nikajitia kupanga viti vya wageni. Leo nakujibu.

Kimeta, ule ugonjwa wa mifugo, tulikizoea machinjioni. Kila kiangazi mchunaji mmoja au wawili walitokwa na kidonda cheusi mkononi, wakachomwa sindano, wakarudi kazini. Mwaka huu kikageuza njia. Daktari wa hospitali alituambia wodi imejaa watu wasiowahi kugusa ngozi ya ng'ombe: fundi cherehani, mwalimu, mama mjamzito, matumbo yamevimba, wanatapika damu. Alisema ugonjwa umetoka mikononi umeingia sufuriani, maana yake kuna mzoga uliouzwa. Wanne walikufa kwa siku mbili.

Siku ya tatu, mchana kweupe, watu wakavunja geti la machinjio kwa mapanga na nondo. Mlinzi walimpiga hadi mfupa wa mkono ukatokeza. Karani wakamvunja taya. Walitaka mchunaji mwenye kidonda, na mumeo, yule tuliyemtania Daktari wa Ngozi, alikuwa na bandeji mkononi. Wakamburuta hadi sakafu ya kuchinjia, wakimkanyaga mbavu, wakimuuliza nani kaleta mzoga.

Dada, ng'ombe yule aliletwa amekwisha kufa. Mumeo aliniita, akanionyesha damu nyeusi isiyoganda, akasema, “Shemeji, huyu usimpitishe, atamaliza watu.” Nilimcheka. Nikamuuliza tangu lini mchunaji akamfundisha mkaguzi wa nyama kazi, nikagonga muhuri bila hata kutazama kama bandama imevimba.

Basi siku ile ya geti, yuko chini, damu inamtoka puani, akaniona nimejibanza mlangoni. Hakunitaja. Aliniomba tu nimsaidie. Watu wakageuka kunitazama, na mimi nikaona kifo changu machoni mwao. Nikampokonya mmoja nondo, nikapiga kelele kwamba ndiye huyu, nikampiga mdomoni asiseme zaidi. Pigo la kwanza la kichwa lilikuwa langu, na la pili. Wengine walimalizia.

Daktari wa hospitali nimeshamweleza habari ya muhuri. Nikiituma barua hii naingia kituo cha polisi. Wazee wasije kunitetea. Watoto wakiambiwa baba yao alileta maradhi, waambie yeye ndiye aliyekataa, mjomba wao ndiye aliyepitisha.

Msalimie mama, kama bado atapokea salamu zangu.

Ni mimi mdogo wako, uliyenibeba mgongoni.