Saa Yako, Bi Salma

Mke mwenzangu mpenzi,

Nakuandikia nikiwa ukumbini kwako huku juu, dirisha la njiani liko wazi. Mvua imekatika tangu alasiri. Muuza kahawa anapita chini anagonga vikombe vyake, na nyumba imetulia kiasi cha kunifanya niseme na wewe.

Unaikumbuka siku niliyoletwa hapa? Ulikuwa mwaka uliofuata Mapinduzi, nami nimetoka Bwejuu na kasha langu na kuku wawili aliotoa mama. Njia nzima nilikuwa nafikiri utanifanya nini. Kwetu walishanijaza maneno: mke mkubwa wa mjini, hana mtoto, ana dhahabu mkononi, atakutilia kitu kwenye chai. Mume wetu, Bwana Khamis, Mungu amrehemu, hakunisaidia. Alinifikisha uani akasema, "Salma, mwenzio huyu," kisha akatoka kwenda msikitini, maana adhuhuri ilikuwa inaadhiniwa.

Wewe ulikuwa kisimani, ndoo ishajaa, unataka kutawadha. Nilikuamkia, ukaitikia marahaba, wala hukunitazama sana. Ulifungua saa mkononi, ile saa ndogo ya dhahabu yenye mkufu, ukaninyooshea.

"Nishikie," ukasema. "Usiiweke ukingoni mwa kisima. Na kama mikono yako ina maji, jifute kwanza."

Nilijifuta. Nikaipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kifaranga. Ulitawadha taratibu, ukajikausha mpaka kwenye kiwiko, kisha ukanyoosha mkono nikufunge. Sikujua kuufunga ule mkufu. Niliuzungusha huku na huku, haukushika.

"Kesho utajua," ukanambia, ukaufunga mwenyewe.

Kesho yake nilijua. Na tangu hapo, kila ulipokwenda kwenye maji, uliniita. "Mwanakombo!" Nami huitika, "Abee!" nikaja mbio. Ukikuna nazi unaivua, ukikamua tui unaivua, ukikosha samaki, ukifua, ukiingia kuoga. Mwanzo nilikuwa naifunga kwenye pindo la kanga, ukanikataza. Ulisema kanga yangu imeloa jasho, na jasho ni maji yenye chumvi. "Basi vaa wewe," ukasema, "mpaka nimalize." Nikawa naivaa. Ikawa mchana kutwa saa inahama, mara mkono wako, mara mkono wangu, hata majirani wakawa hawajui saa ya nani.

Wanawake wengine wa mtaani walikuwa wamezivua bangili zao miaka ile, wamezifukia wanakokujua wenyewe, wakihofia kunyang'anywa. Walikuuliza kwa nini wewe huogopi. "Mie nna saa tu," ulisema, "na saa ikifukiwa inakufa." Bwana Khamis alikuwa mpishi wa meli kabla sijamjua, na saa ile aliinunua Aden katika safari yake ya mwisho. Wewe ndiye uliyenieleza. Wewe pia ndiye uliyenifunza kuisoma, jioni moja tukichambua mchele, mimi nikikosea na wewe ukirudia bila ya kuchoka. Baba yangu alikuwa anapima wakati kwa kivuli na kwa maji ya bahari yanavyotoka na kurudi. Nilipokwenda kwetu nikatazama jua, nikamwambia ni saa ngapi na dakika ngapi, akacheka mpaka akakohoa.

Sikwambii nilikupenda siku za mwanzo. Zamu zako zilinichoma roho, na nadhani zangu zilikuchoma wewe. Yapo mambo ya ukewenza ambayo hatukuyasema hata tulipokuwa wawili peke yetu, na leo sitayasema.

Lakini iko siku ile ya homa. Ilinishika asubuhi, na kabla ya adhuhuri nilikuwa siwezi kushika hata kijiko. Bwana alikuwa amekwenda kupika pilau ya harusi. Ulikaa kando ya kitanda changu na beseni la maji ya kisima, ukawa unachovya kitambaa, unakamua, unanikanda kichwa, kifua na miguu, unarudia tena. Mikono yako ilikuwa ndani ya maji mpaka kwenye viwiko. Aliyezoea kukushikia saa ndiye aliyekuwa anaungua kitandani, nawe hukukumbuka kuivua. Homa ilipopungua ulitaka kujua kama alasiri imeingia. Ulitazama mkono wako, ukaona kioo kimejaa ukungu na mishale imesimama.

Bwana Khamis alirudi magharibi inakaribia. Mimi nilikuwa nimefumba macho, lakini sikuwa nimelala. Nilikusikia unamwambia, "Bwana, saa yako imeingia maji. Ichukue uifungie. Mie sina adabu nayo."

Nadhani alikuwa anaigeuza kwenye mwanga.

"Saa yangu ipi?" akasema. "Mie nilikupa, Salma. Siku niliyoshuka melini nilikupa, na tangu siku ile si yangu. Ikifa, imekufa yako. Ikipona, imepona yako. Nitaipeleka kwa fundi kwa sababu wewe una mgonjwa, basi."

Kisha akauliza hali yangu, ukamwambia nimepata nafuu, nami nikaendelea kufumba macho maana machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka muyaone.

Fundi saa aliifungua, akaikausha, akaitia mafuta. Ilirudi nzima, pamoja na maagizo: isikaribishwe hata kwenye mvuke, kwani pasipopita maji, moshi wa maji hupita. Tangu hapo hata ukimimina chai ulikuwa unaupeleka mkono ule mgongoni. Bwana akikuona hucheka peke yake. Na mie nikaanza kuja na saa yenyewe kabla hujaniita, nikisikia tu ndoo inashuka kisimani.

Bwana Khamis alifariki mwaka uliokuwa na masika makubwa. Hakuugua sana. Tukakalishwa eda sisi wawili, wajane vizuka wawili chumba kimoja, na wanawake wakaja kutuvua mapambo. Mimi nilikuwa na vipuli tu. Shangazi yake alipofika kwako alisema, "Na hiyo saa."

"Natazamia wakati wa sala, shangazi."

"Muadhini yupo, mwanangu."

Hukubisha. Uliifungua, na mkononi ukabaki mstari mweupe. Uliitia ndani ya mkebe wa biskuti juu ya pamba kavu, ukaiweka rafu ya juu kabisa, maana masika yale kuta za nyumba hii zilikuwa zinatoka jasho na chokaa inabanduka. Kila baada ya sala ya alfajiri uliishusha, ukaipangusa kwa kipande cha kanga kuukuu, ukaitia ufunguo, ukaisikiliza sikioni, ukairudisha. Hukuivaa hata kwa kuijaribu. Katika eda ile ndipo tulipozungumza. Ulinieleza Bwana Khamis alivyokuwa kijana, mimi nikakueleza alivyokuja kuposa Bwejuu na kiatu kimekatika, na tulicheka mpaka mtu akagonga mlango kutukumbusha kuwa tumefiwa.

Tulipotoka eda ikaja habari ya mirathi. Hakuacha mtoto, kwa hiyo warithi walikuwa sisi na ndugu yake, Shemeji Machano. Alikuja na mwalimu wa chuo cha Kurani atakayegawa. Wanaume walikaa ukumbini, sisi tukakaa nyuma ya pazia. Vitu vilikuwa vichache na viligawika bila ya maneno, mpaka ilipofika saa.

"Hiyo ni mali ya marehemu," alisema Shemeji. "Nimeiona mkononi mwa huyu, nimeiona mkononi mwa yule. Kitu kinachovaliwa na wake wawili ni cha mume. Iuzwe, kila mmoja apate fungu lake."

Simlaumu. Alikuwa na midomo mingi ya kulisha, na macho yake yaliona kweli.

Mwalimu akauliza, "Bi Salma, una shahidi kuwa alikupa?"

"Aliyenipa ameshakufa," ukajibu. Hukunigeukia. Ulikuwa unajua kuwa ikiuzwa na mimi nna fungu, na sina mtu mjini hapa, na nguo zangu ni zile zile. Ulinyamaza ili usinitie katika mtihani.

Nikasema, "Mwalimu, mie nilisikia."

Sauti yangu ilikuwa ndogo, akaniambia nirudie. Nikayaeleza yote: homa, beseni, ukungu kwenye kioo, na maneno ya marehemu kama alivyoyasema. Na kuhusu kuivaa, nikasema nilikuwa namshikia mwenzangu akienda kwenye maji.

Mwalimu alikohoa kidogo. "Kwa sheria, shahidi mmoja mwanamke hatoshi," akasema. "Lakini huyu naye ni mrithi, Machano. Kwa maneno haya anajitoa kwenye fungu lake mwenyewe. Sasa wewe wasemaje?"

Tulisikia kikombe kikiwekwa chini. Nilihisi bega lako limegusa langu, sijui kama ulikusudia.

"Mwacheni na saa yake," akasema Shemeji. "Mie siwezi kula kitu kilichokwisha kusemewa hivyo."

Walipoondoka, uliniuliza, "Ungepata kitu, Mwanakombo. Kwa nini?"

"Nilikuwa macho siku ile," nikakujibu.

Ukatikisa kichwa, ukaenda kupika. Usiku ule tulikula sinia moja.

Kaka yangu alipokuja kunichukua, ulimkaribisha vizuri, ukamwandalia, kisha ukamuuliza kama nakwenda kutazama wazee au nakwenda moja kwa moja. Akasema moja kwa moja, kwani mume hayupo. "Mume hayupo," ukamwambia, "mie nipo." Nilikwenda, nikawaona wazee, nikarudi na pweza mkavu. Miaka iliyofuata tukashona kofia pamoja, wewe ukichora na mimi nikitoboa, tukapokezana foleni ya unga na sukari. Watu walikuwa wanatuuliza sisi sasa ni wake wenza wa nani. Tukaendelea na kofia zetu.

Kifua ndicho kilichokuchukua. Nilikuwa miongoni mwa waliokuosha, na saa niliivua mimi. Ndugu yako alipofika kutoka Wete nilimkabidhi mkononi, nikamweleza habari ya maji, mvuke na jasho. Alinambia niichukue mimi. Nikamwambia ina wenyewe, na wenyewe ni nyinyi. Akaitia mfukoni mwa shati. Sijui kama inakwenda.

Liko jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Alipofariki Bwana, walinikalisha, wakaniletea chakula, kila mtu alijua nimefiwa na nimefiwa na nani. Ulipofariki wewe, walikuja wakasoma khitma, na siku ya tatu jirani akaniuliza kama nshaanza kupokea kofia za watu. Hakukosea. Hakuna eda ya mke mwenza. Nikaingia jikoni nikapika, nikakaa kama watu wanavyokaa. Lakini mwenyewe niliihesabu. Sikujifukiza udi, sikupaka hina, sikwenda harusini, na kila aliyenialika nilimwambia naumwa kichwa. Mwalimu angejua angenikataza, na angekuwa na haki.

Miezi minne na siku kumi zilikwisha jana. Leo nimeoga, nimejitanda kanga mpya, nimepanda kukaa ukumbini kwako, na nimeona nikuarifu kwamba nimetoka eda.

Mungu akulaze pema, dada. Nipo.

Mke mwenzio,
Mwanakombo