Nani Atalichungulia Jino la Nyuma

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu ulinilea kwa adabu, si kwa sababu hasira zimeniisha.

Unaikumbuka miaka ile ya ruksa? Madaktari walikuwa wameanza kuruhusiwa kufungua hospitali zao, na hapa Kaloleni hadithi ikawa moja, daktari wa meno wa kulipia. Eti anakuchoma sindano ya ganzi mpaka shavu unalisahau. Eti kiti chake kinalala. Kule hospitali ya serikali kulikuwa na benchi na foleni, ganzi leo ipo kesho haipo, na jino bovu lilikuwa la kung'olewa tu.

Mgonjwa nilikuwa mimi. Nataka hilo lieleweke. Gego lilinivimbisha shavu, silali, sili, mama ananisukutulisha maji ya chumvi. Kaka Rama hakuumwa na chochote. Alikuwa na meno ya kahawia tu, kama mimi, kama wewe, kama wengi wetu tuliokunywa tangu utotoni maji ya Mlima Meru, yanayotia meno rangi. Lakini alikuwa ameitwa kwenye kampuni ya watalii, na wewe uliamini mzungu hatapanda gari la dereva mwenye meno yale.

Uwezo ulikuwa wa mtu mmoja. Sijawahi kukulaumu kwa ufukara.

"Rama atakaa mbele na wageni," ulisema huku unavaa koti. "Wewe jino lako la nyuma, nani atalichungulia?"

Jino lilikuwa linaniuma mimi, baba! Rama akaenda kusafishwa meno, mimi nikaenda na mama kwenye benchi. Ganzi ilikuwa imekwisha. Tabibu alinionea huruma, akaniambia nirudi wiki ijayo, lakini wiki nzima ningeimalizaje? Nikamwambia ang'oe. Mama alinishika kichwa, nikapiga kelele mpaka wengine kwenye foleni wakaondoka. Jioni nilimkuta Rama sebuleni anacheka ili tuyaone meno, na wewe unacheka naye. Hata pole hukunipa.

Niliolewa mtaa wa Sakina na hasira hizo, nikazaa nazo.

Mwaka wako wa mwisho, ulipoumwa jino ukiwa kwangu, Rama alipiga simu: "Mpeleke serikali, siku hizi wako vizuri." Ni kweli, wanangu nawatibia huko huko. Lakini wewe nilikupeleka kwa kulipia makusudi. Nilitaka ukikalie kiti ulichoninyima, uone haya, uniombe radhi ukiwa umelala chali.

Ulikishika kwa mikono yote miwili, jasho linakutoka, macho umefumba. Daktari alipokuonyesha jino limeshatoka, ukanigeukia.

"Mbona haikuuma?" ukaniuliza. "Mwanangu, kumbe haitakiwi kuuma?"

Meno yako yote ya nyuma yalikuwa yameng'olewa kavukavu, na hukuwahi kutuambia. Zile habari za ganzi ulidhani ni maneno ya kutafuta wateja. Radhi hukuniomba, maana hukujua kuna cha kuombea. Na mimi niliyekuja nimejiandaa kukusema, nikabaki nakupangusa mate yenye damu, nimekasirika kuliko siku ile ya benchi, na sina wa kumpigia kelele.

Mungu akupokee vizuri, baba. Mimi bado sijapoa.

Binti yako