Chungu ya Mama Agathe

Elodie, uko? Nimetoka kwa mama sasa hivi, moyo iko inaniuma.

Unajua tangu turudi Muheto kutoka kambi ya wakimbizi, alikuwa anasema atafungua nganda yake, ile baa ya nyumbani, tena. Leo kasiksi yake, pombe ya ndizi, iliiva. Akaweka chungu kubwa katikati na mirija saba, watu wakunywe pamoja kama zamani.

Watu walikuja. Lakini kila kundi likakaa kona yake, hakuna mwenye aligusa murija.

Papa Sylvain, baba yangu wa ubatizo, njo akaomba bia ya chupa. Yenye haijafunguliwa.

Mama akamuuliza polepole, "Papa Sylvain, unaniogopa mimi?"

"Si wewe, Mama Agathe. Naogopa mwenye atakunywa kabla yangu. Siku hizi watu wanatiana sumu."

Si wewe. Alisema vile mbele ya watu wote.

Mama akainama, akakunywa peke yake, wote wanamuangalia. Kisha akaenda kumwaga chungu nzima nyuma ya nyumba.

Papa Sylvain akamufuata. Akamuambia, "Ilikuwa inanukia muzuri."

Walisimama pale, Elodie, wote wawili wanalia.